Vileja vya Makorora: Kwa nini huyeyuka mdomoni, na kwa nini huungua

KUMI la mwisho la Ramadhani linapoingia, mitaa ya Makorora, jijini Tanga, hubadilika harufu. Baada ya futari na sala ya Tarawehe, majiko ya mkaa yaliyokwishapika uji na muhogo huwashwa upya uani, sufuria kubwa hufunikwa kwa mfuniko bapa uliojaa makaa, na harufu ya samli na iliki husambaa hadi barabarani. Ni wakati wa kuoka vileja na nankatai, biskuti za nyumbani zinazotakiwa ziwepo mezani mwezi utakapoandama. Kwa akina mama wanaooka kwa ajili ya kuuza, hiyo ni biashara ya siku chache inayoweza kulipia nguo za sikukuu za watoto.

Ndiyo maana trei moja iliyoungua ni hasara ya kweli. Samli si rahisi, sukari nayo hupanda bei kila Ramadhani inapokaribia, na kileja kilichoshika weusi chini hakina mnunuzi. Wapo wanaoamini kwamba kufaulu kwa vileja ni suala la mkono wa mtu. Mkono una nafasi yake, lakini sehemu kubwa ya jambo hili ina maelezo.

Kileja hutengenezwa kwa unga wa mchele. Unga wa ngano una protini iitwayo gluteni, ambayo ikipata maji na kukandwa hujifunga na kuwa kama mpira. Ndiyo inayoufanya mkate uumuke na chapati ivutike. Mchele hauna gluteni. Kwa hiyo kinachokishikilia kileja ni mafuta, sukari na yai tu, na kikifika mdomoni mafuta yakayeyuka, hakuna kitu kingine cha kukizuia kisisambaratike. Ulaini unaosifiwa ndio huohuo unaofanya vileja vivunjike vinapobebwa.

Kipimo kinachotumika katika nyumba nyingi za pwani ni nusu kilo ya unga wa mchele kwa robo kilo ya samli na robo kilo ya sukari iliyosagwa, yai moja au mawili, kijiko kidogo cha iliki iliyotwangwa na beking poda kidogo. Samli na sukari hupigwa kwanza mpaka ziwe nyeupe na nyepesi. Hatua hiyo ndiyo inayorukwa na wenye haraka, nayo ndiyo yenye kazi kubwa: chembe za sukari huingiza hewa ndani ya mafuta, na hewa hiyo hutanuka motoni na kukifanya kileja kiwe chepesi. Samli iliyoyeyuka haishiki hewa. Katika joto la Tanga samli huwa maji tangu adhuhuri, na hiyo ni sababu mojawapo, mbali ya mfungo wenyewe, ya kazi hii kufanywa usiku. Asiyeweza kusubiri usiku huliweka bakuli lake ndani ya beseni la maji baridi.

Kosa jingine ni kubadili samli kwa siagi au majarini bila kubadili kipimo. Samli ni mafuta karibu matupu, kwa kuwa maji yake yamekwisha kuchemshwa yakatoka. Siagi ina maji yapatayo asilimia 16. Katika nankatai, ambazo huokwa kwa unga wa ngano, pengine ukichanganywa na semolina au unga wa dengu, maji hayo huiamsha gluteni na biskuti hutoka ngumu. Tanga haina shida ya maziwa, kwani mradi wa ng'ombe wa maziwa ulioanzishwa mkoani humo katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Uholanzi umeacha wafugaji wadogo wengi pamoja na kiwanda cha Tanga Fresh. Iliki nayo haitoki mbali; hulimwa Amani, wilayani Muheza, chini ya kivuli cha misitu ya Usambara Mashariki, na mchele hulimwa Mombo, wilayani Korogwe, kwenye mashamba ya umwagiliaji.

Wataalamu wa historia ya chakula wangeicheka kidogo habari hiyo ya Waholanzi. Nankatai zilifika pwani hii pamoja na wafanyabiashara kutoka Gujarat, na masimulizi ya Surat, mji wa bandari wa huko, hueleza kuwa zilizaliwa katika tanuri la mikate lililoachwa na Waholanzi waliokuwa na kituo cha biashara mjini humo. Neno "nan" ni la Kiajemi, maana yake mkate. Maana ya sehemu ya pili bado inabishaniwa.

Neno "biskuti" lenyewe lina safari ndefu zaidi. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kitu kilichookwa mara mbili. Waitaliano wa mji wa Prato, katika jimbo la Toscana, bado hufanya hivyo hasa. Biskuti zao ziitwazo cantucci, zilizopata umaarufu kupitia duka la Antonio Mattei lililofunguliwa mwaka 1858, huokwa kwanza kama mkate mwembamba mrefu, hukatwa vipande vya mshazari kungali moto, kisha vipande hurudishwa tanurini vikauke. Hutiwa lozi nzima, na katika mapishi ya asili hazitiwi mafuta kabisa: ni unga wa ngano, sukari, mayai na lozi. Hukauka mno hivi kwamba haziliki vizuri bila kuchovywa kwenye kinywaji, na chai ya rangi inaifaa kazi hiyo kikamilifu.

Kwa mwokaji wa Makorora jambo hilo si la kupuuzwa. Biskuti isiyohitaji samli inaondoa gharama iliyo nzito kuliko zote, na lozi zinaweza kubadilishwa kwa korosho, zao lisilo geni katika wilaya ya Mkinga, au kwa karanga. Nusu kilo ya unga kwa sukari robo kilo na ushei, mayai manne na korosho robo kilo hutoa donge la kufinyangwa bila taabu. Haitakuwa kileja, na hakuna sababu ya kuiita kileja, ila hukaa majuma kadhaa bila kuharibika.

Moto ndio mtihani mkubwa. Kuoka kwa kupalia maana yake ni kuwa na makaa chini na makaa juu, lakini si kwa kiasi sawa. Joto la chini hupita moja kwa moja kutoka kwenye chuma kwenda kwenye biskuti, ilhali la juu hushuka kupitia hewa, kwa hiyo makaa mengi huwekwa juu na machache chini. Mchanga mkavu au vijiwe vitatu ndani ya sufuria huitenga trei na kitako. Sufuria ipashwe moto kwanza, kisha vileja vikae dakika 15 hadi 20. Kileja kilichoiva hubaki cheupe, kikibadilika rangi kidogo tu ukingoni, na huwa laini kikiwa moto; anayekiona laini akakirudisha motoni ndiye anayekiunguza. Kiachwe kipoe kwenye trei.

Jiko hilo lisiingizwe chumbani, hata mvua ikinyesha. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa hewa ya ukaa yenye sumu, isiyo na rangi wala harufu, na imekwisha kuua watu waliolala karibu na jiko.

Serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri, lakini jiko la gesi la mtungi mdogo hutoa joto la chini peke yake. Linapika ugali na maharage, haliwezi kupalia. Mwokaji anayetaka kuachana na mkaa anahitaji oveni, na oveni ni mtaji, mbali na umeme unaoweza kukatika trei ikiwa ndani.

Anayetaka kuziuza biskuti zake madukani zikiwa kwenye pakiti anawajibika kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililopokea usimamizi wa usalama wa chakula mwaka 2019. Wajasiriamali wadogo huanzia SIDO kwa barua ya utambulisho. Wanaowauzia majirani hufungasha kwenye makopo yenye mfuniko unaobana, kwa kuwa unyevu wa pwani hulegeza biskuti kwa siku mbili tu. Zilizolegea hupangwa tena kwenye trei na kuwekwa juu ya majivu yenye joto kwa dakika chache.