Pembe za Ndovu Bila Ndovu: Sayansi ya Kulinganisha Rangi

Kikundi cha maigizo cha Cheyo, mjini Tabora, kikitaka kuigiza misafara ya karne ya 19 kitahitaji angalau vitu vitatu: pembe za ndovu zilizobebwa mabegani hadi Bagamoyo, masango, yaani nyaya nene, ya shaba yaliyotoka pwani, na majembe ya chuma ya Wanyamwezi. Pembe halisi haiguswi. Mwaka 1989 nchi za CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa. Kwa hiyo pembe huchongwa kwa mbao au kwa lile povu jeupe linalofungiwa televisheni. Kazi iliyobaki ni ya rangi.

Wengi hukimbilia nyeupe, na hapo ndipo pembe huanza kufanana na bomba la plastiki. Rangi nyeupe hutegemea unga wa titani dioksidi, ambao hupinda mwanga kwa kipimo cha takribani 2.7, wakati gundi inayoushika hupinda kwa 1.5 tu. Tofauti hiyo hutawanya mwanga na kuurudisha ukiwa bado juu juu. Pembe ya ndovu ni dentini, yaani madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyoshikamana na protini ya kolajeni. Mwanga huzama ndani kidogo kabla ya kurudi, na umri huongeza umanjano. Ili kuukaribia mwonekano huo, tia njano na kahawia kidogo katika nyeupe, upake, uache ikauke. Kisha pitisha kahawia iliyozimuliwa kwa maji mengi na uifute mara moja kwa kitambaa, ibaki kwenye mikwaruzo tu. Malizia na vanishi isiyong'aa sana.

Usiiamini rangi ikiwa mbichi. Rangi ya maji ina matone madogo ya plastiki yanayotawanya mwanga, hivyo huonekana imepauka. Maji yakikauka matone huungana na kuwa angavu, na rangi hukolea.

Mtego mkubwa zaidi ni taa. Jicho hupima rangi kwa aina tatu tu za seli, kwa hiyo rangi mbili zenye viini tofauti, yaani vitu tofauti vinavyozipa rangi, zinaweza kulingana kabisa chini ya taa moja na kuachana chini ya nyingine. Wanasayansi huiita hali hii metamerizimu. Taa nyingi nyeupe za LED hutoa mwanga wa bluu unaopita kwenye unga wa njano, na wekundu wake huwa haba. Kahawia iliyochaguliwa dukani usiku huweza kuonekana nyekundu mno katika jua la mchana.

Hata hivyo, kuna njia ya kuukwepa mtego huo: tumia kiini kilekile kilicho katika kitu unachokiigiza. Wekundu wa kutu hutokana na oksidi ya chuma, na unga mwekundu wa kuchanganya na saruji ya sakafu ni oksidi ya chuma pia. Jembe la mbao lililopakwa kijivu cheusi, kisha likadondoshewa unga huo uliochanganywa na gundi nyeupe ya mbao, litafanana na chuma kikuukuu chini ya taa nyingi. Kwa pembe njia hiyo haipo, ndiyo maana pembe hudai majaribio mengi zaidi.

Usalama nao una kanuni zake. Viyeyusho vya rangi nyingi za kupuliza hula povu, hivyo livike kwanza karatasi na gundi. Baadhi ya rangi za mafuta za njano na nyekundu zimewahi kutiwa risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira hupendekeza risasi katika rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni.

Mwalimu wa maigizo, kabla ya kununua kopo zima, paka sampuli kwenye kipande cha boksi, iache ikauke, kisha itazame pale pale igizo litakapochezwa na saa ile ile. Na kwa vitu vitakavyoshikwa na watoto, nunua rangi ya maji ambayo lebo yake inasema haina risasi.