Mwambie mwanao nani walimchimba mjusi wa Tendaguru

Mzazi, mwanao anayeangalia katuni za dinosaria huenda anadhani wanyama hao waliishi Ulaya na Marekani tu. Mwambie walikuwapo hata kwetu, huko yanakokwenda mabasi ya Lindi yanayopita Mbagala kila siku.

Mwaka 1906, mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler alikuta mifupa mikubwa katika kilima cha Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913, makumbusho ya Berlin ilichimba hapo. Wanaotajwa sana ni wataalamu Janensch na Hennig, lakini walioshika majembe ni mamia ya wenyeji, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani. Wapagazi walibeba mifupa hiyo kwa miguu, safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Mzigo wote ulizidi tani 200.

Leo mjusi mmoja amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Mwaka 2007, mwingine wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti.

Katuni ikiisha leo jioni, msimulie mwanao habari za Boheti. Kitabu chake cha shule huenda hakimtaji.