Risasi Inapokataa Kulipuka: Jinsi ya Kutambua Kasoro ya Fataki

Nchini Marekani, wawindaji na walenga shabaha wengi hujaza wenyewe risasi za bunduki zao. Sehemu mojawapo inayoweza kuwasumbua ni fataki, yaani kikombe kidogo cha shaba kilicho kwenye kitako cha ganda, ambacho hugongwa na pini na kuwasha baruti. Mwongozo huu unaeleza namna ya kusoma dalili zake.

Hatua ya kwanza ni usalama. Risasi isipolipuka, endelea kuelekeza mtutu mahali salama na usubiri angalau sekunde 30 kabla ya kufungua komeo, kwani baruti huweza kuchelewa kuwaka. Kisha kagua kitako cha ganda.

Alama hafifu ya pini. Huenda springi imechoka au grisi imeganda kwenye komeo. Jaribu risasi za kiwandani katika bunduki hiyohiyo: zikigoma nazo, elekea kwa fundi wa silaha. Zikilipuka vizuri, chunguza ujazaji wako. Ganda lililobanwa kupita kiasi bega lake hurudi nyuma, nalo huingia ndani mno ya chemba hata pini isilifikie sawasawa.

Risasi hulipuka kwa pigo la pili. Mara nyingi fataki haikuzamishwa hadi mwisho. Pigo la kwanza liliisukuma tu. Safisha tundu la fataki, kisha hakikisha kila fataki iko sawa na kitako au chini yake kidogo. Ipapase kwa kidole: isichomoze kamwe.

Alama ya kina, lakini kimya. Yamkini fataki imeharibiwa na mafuta au unyevu. Zishike kwa mikono mikavu na uzihifadhi katika kasha lake la asili.

Mlio mdogo usio wa kawaida. Acha kupiga mara moja. Fataki inaweza kuwa imelipuka bila baruti kuwaka, ikakisukuma kichwa cha risasi hadi katikati ya mtutu. Risasi ya pili ikifuata, mtutu huweza kupasuka na kumjeruhi mpigaji. Toa risasi zote, kisha hakikisha mtutu uko wazi.

Fataki iliyotoboka au kubapa. Hii huweza kuashiria shinikizo kubwa mno. Usiendelee na risasi za mkupuo huo. Linganisha kipimo cha baruti na jedwali la mtengenezaji.

Usiichokoe wala kuigonga fataki hai ili kuitoa. Vaa miwani ya kinga, na nawa mikono baada ya kazi, kwa kuwa fataki nyingi zina risasi ya madini, ambayo ni sumu.

Andika namba ya toleo ya kila kasha la fataki na baruti. Kasoro ikijirudia katika toleo moja, kumbukumbu hiyo ndiyo itakayotetea malalamiko yako kwa muuzaji. Msomaji aliye nje ya Marekani aulize kwanza mamlaka ya leseni za silaha nchini mwake, kwani kujaza risasi nyumbani hakuruhusiwi kila mahali.