KARATASI YA KOSA LA BARABARANI: NJIA YAKE TANGU MKONONI MWA DEREVA HADI MAHKAMANI



Gari la chama ni mali ya wanachama wote, lakini karatasi anayopewa dereva na askari wa usalama barabarani mara nyingi huwa siri ya mtu mmoja. Dereva huikunja, akaitia mfukoni mwa shati au chini ya kiti, akangojea isahauliwe. Haisahauliwi. Mwandishi wa makala hii aliwahi kulishuhudia lori la chama kimoja cha Kaskazini Unguja likisimamishwa njiani asubuhi, limejaa ndizi na mihogo ya kupelekwa soko la Mwanakwerekwe. Kosa la siku ile lilikuwa taa moja isiyowaka. Lakini dereva alikuwa na shauri la miezi mitatu nyuma ambalo hakulihudhuria, na hati ya kumkamata ilikwisha kutolewa. Dereva akapelekwa kituoni, ndizi zikabaki juani. Faini iliyolipwa baadaye haikufikia hata nusu ya hasara ya mzigo. Katibu alisema hakuwa na habari, na kweli hakuwa nayo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: karatasi ifike mezani kwa Katibu siku ile ile. Chama kisichokuwa na daftari la karatasi hizo na kilifungue, hata likiwa daftari la shule la kurasa arubaini. Humo iandikwe tarehe, mahali gari liliposimamishwa, nambari ya karatasi, nambari ya gari, jina kamili la dereva kama lilivyo katika leseni yake, na kosa lililotajwa.

Jina kamili halitajwi hapa kwa kupenda urasimu. Visiwani kwetu majina hufanana mno. Mtu akiuliza shauri la Ali Juma Ali huenda akaonyeshwa mashauri matatu ya watu watatu, na huenda la kwake lisiwemo kwa sababu askari aliandika jina la utani alilolisikia kwa utingo. Nambari haina utani. Mwenye nambari ya karatasi au ya gari hupata jibu upesi. Mwenye jina tupu huambiwa arudi kesho.

Karatasi isomwe kwa utulivu. Ikiwa inataja kiasi cha fedha pamoja na nambari ya malipo, basi jambo linaweza kumalizika kwa kulipa kabla ya muda uliotajwa, na asiyelikubali kosa aeleze hivyo kabla ya kulipa, kwani kulipa ni kukubali. Ikiwa inataja mahkama na siku ya kufika, hiyo ni amri ya kuhudhuria, wala si mwaliko. Ikiwa haitaji lolote kati ya hayo, Katibu amtume mtu katika kituo kilichoitoa akaulize, asingoje.

Hapa ndipo makatibu wengi wanapopotea. Mtu wa Makunduchi hudhani kwamba shauri lake liko karibu na kwao kwa kuwa chama na dereva ni wa huko. Sivyo. Kwa kawaida kosa husikilizwa katika eneo lilipotendeka. Unguja ina mikoa mitatu, yaani Mjini Magharibi, Kaskazini na Kusini, na mahkama zimepangwa kwa ngazi: Mahkama za Mwanzo, za Wilaya, za Mkoa, na juu yake Mahkama Kuu ya Zanzibar. Dereva wa Makunduchi aliyesimamishwa Mwanakwerekwe ataitwa upande wa Mjini Magharibi, safari ndefu kutoka kwao. Wako pia waliokwenda kuuliza kwa Kadhi kwa kuwa ndiyo mahkama waliyoizoea. Huko watapata maneno mazuri, lakini Kadhi kazi yake ni ndoa, talaka, mirathi na mambo ya namna hiyo ya Waislamu.

Pili, karatasi haifiki mahkamani siku ile inapoandikwa. Huanza kituoni kwa askari aliyeiandika. Kisha hupelekwa kwa mwendesha mashtaka, ambaye hutazama kama ushahidi unatosha na kutayarisha hati ya mashtaka. Ndipo huingia mahkamani, karani akaiandika katika daftari la mashauri na kuipa nambari mpya. Katibu anayekwenda kwa karani siku ya pili akaambiwa "jina hilo halimo" hupumua, akarudi nyumbani kwa furaha. Huo ni upumbazo. Karani amesema kweli: bado halimo. Fuateni njia ile ile karatasi inayopita: kwanza kituoni, kisha kwa mwendesha mashtaka, kisha kwa karani. Shauri likishaandikwa, nukuuni nambari yake mpya katika daftari la chama pembeni mwa ile ya zamani, kwani tangu hapo mahkama haitaijua nambari ya askari.

Kuuliza habari hakuna malipo ya pembeni. Yule mtu anayekaa chini ya mti nje ya lango, akisema, "Nipe mimi nikumalizie," hana daftari wala stakabadhi, na fedha anazochukua hazifuti hata herufi moja ya shtaka.

Siku ya shauri dereva afike mapema, na Katibu au mjumbe wa Kamati amfuate. Shtaka litasomwa, naye ataulizwa kama ni kweli au si kweli. Jibu hili ndilo kiini cha shughuli nzima. Anayesema "ni kweli", na maelezo ya kosa yakasomwa naye akayakubali, hutiwa hatiani papo hapo. Baadaye hawezi kukata rufaa akidai hakutenda kosa, isipokuwa kulalamikia adhabu tu. Madereva wetu hupenda kusema, "Ni kweli, lakini askari mwenyewe ndiye aliyenipungia mkono nipite." Huko si kukiri. Hakimu mwangalifu atayaandika maneno hayo kuwa ni kukana, lakini haifai kumwachia Hakimu kazi ya kufumbua mafumbo. Mwenye sababu ya haki aseme si kweli, shauri lipangiwe siku ya ushahidi. Mwenye kosa lililo wazi akiri kwa adabu, aombe huruma, na aeleze kama ni kosa lake la kwanza.

Anayekana huenda akatakiwa kuwekewa dhamana. Mdhamini aje na kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi na barua ya Sheha wa shehia yake. Mara nyingi barua hiyo ndiyo inayokosekana, na dereva hulala ndani kwa sababu ya karatasi iliyoweza kuandikwa jana yake.

Wazee watakumbuka Mahkama za Wananchi zilizoanza kazi mwaka 1970, ambamo mawakili hawakuruhusiwa. Mfumo ule ulikoma kwa sheria za mwaka 1985, na sasa mshtakiwa ana haki ya kuwa na wakili. Kwa kosa la taa au la kuzidisha abiria sidhani kama chama kinahitaji gharama hiyo. Kwa ajali iliyomjeruhi mtu, kisisite. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, katika kifungu cha 12, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu na ya kutohesabiwa mkosaji mpaka ithibitike. Haki hiyo ni ya dereva wa lori kama ilivyo ya mtu mwingine yeyote.

Faini ikitajwa, ilipwe na stakabadhi ichukuliwe. Asiyekuwa na fedha zote aombe muda pale pale mbele ya Hakimu, kwa kuwa faini isiyolipwa hugeuka kifungo. Anayetaka rufaa aulize siku hiyo hiyo muda uliowekwa, si mrefu.

Vyama vinavyovusha magari kwa meli hadi Dar es Salaam vijue kwamba huko sheria ni nyingine. Zanzibar tunatumia Sheria ya Usafiri Barabarani Namba 7 ya mwaka 2003. Tanzania Bara hutumia Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo haivuki bahari. Bara askari huweza kutoa faini papo kwa papo, na deni huandikwa katika mfumo wa Polisi kwa nambari ya gari. Deni huweza kutazamwa kwa nambari hiyo hiyo na kulipwa benki au kwa simu. Gari halijapanda meli kurudi, Katibu alitazame deni, maana dereva aweza kuwa amesahau lakini nambari ya gari haibadiliki.

Limebaki suala la nani alipe, nalo ndilo linalozusha ugomvi katika mikutano. Maoni yangu ni kwamba kosa la chombo, kama bima iliyokwisha, tairi kipara au breki mbovu iliyokwisha kuripotiwa, ni la chama, hata kama jina lililoandikwa ni la dereva. Ikiwa chama chenyewe ndicho kilichoshtakiwa, mwakilishi afike na barua yenye saini za Mwenyekiti na Katibu. Kosa la uendeshaji, kama mwendo wa kasi au simu sikioni, ni la dereva mwenyewe. Lakini Kamati iliyomwambia dereva, "Uwahi soko kabla ya saa kumi na mbili," ijiulize kwanza kabla ya kumkata mshahara. Uamuzi wowote uandikwe katika kumbukumbu za kikao, na faini iwekwe katika hesabu kwa jina lake. Kuificha katika fungu la mafuta na matengenezo kutamfanya mkaguzi aulize ni lori gani hilo linalokunywa dizeli kiasi hicho.