Mawimbi ya Jumapili Ile

Wako ndugu zetu wa Kariakoo wadhanio kuwa tsunami ni msiba wa nchi za mbali. Lakini Jumapili, 26 Desemba 2004, watu wapatao kumi walikufa hapa nchini, wengi wao waogaji wa Dar es Salaam waliokuwa wakijipumzisha baada ya Krismasi.

Chanzo kilikuwa zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa. Karibu saa kumi alfajiri, kwa saa zetu, sakafu ya bahari karibu na Sumatra ilipasuka, ikainuka na kuyasukuma maji. Kilindini wimbi la namna hiyo hukimbia kama ndege, wala baharia halihisi. Likifika penye maji haba hupunguza mwendo, likapanda.

Lilitumia zaidi ya saa saba kutufikia. Twasema wazi: muda huo watosha kumwondoa kila mtu pwani. Huko Mombasa waogaji waliondolewa, na Kenya nzima alikufa mmoja. Sisi tulisaidiwa na maji yaliyokuwa hayajajaa.

Basi mchukuzi wa sokoni aendaye kuoga siku ya mapumziko, akiona bahari yajitoa ghafula, asishuke kuokota samaki. Akimbilie mwinukoni, na akae huko saa kadhaa, maana wimbi la kwanza mara nyingi silo kubwa.