Finger Lakes: Soko la mvinyo lahamia mlangoni kwa mkulima

Maeneo mengi ya mapumziko nchini Marekani huanza kupoa shule zinapofunguliwa mwezi Septemba. Finger Lakes, eneo la maziwa 11 membamba katika jimbo la New York, huchangamka wakati huo huo. Wageni humiminika hadi mwishoni mwa Oktoba kutazama majani yakigeuka mekundu na manjano kabla ya kupukutika, na kuonja mvinyo pale pale unapotengenezwa.

Kwa mkulima, fedha ziko kwenye kuonja. Hadi miaka ya 1970 wakulima wengi wa zabibu wa huko waliwategemea wenye viwanda vikubwa wachache. Kiwanda kilipopunguza manunuzi, mavuno yalibaki mikononi mwao, na zabibu si mahindi ya kuwekwa ghalani kungojea bei ipande. Mwaka 1976 jimbo lilipitisha sheria iliyowarahisishia wakulima kufungua viwanda vidogo na kumuuzia mnywaji moja kwa moja. Mwaka uliofuata kiwanda cha Glenora kilifunguliwa kando ya Ziwa Seneca, na mwaka 1983 wenye viwanda wa Ziwa Cayuga waliungana kujitangaza kwa wageni kama msafara mmoja. Chupa inayonunuliwa mlangoni haipiti kwa muuzaji wa jumla wala wa rejareja, hivyo faida yao hubaki kwa mwenye shamba.

Maziwa yenyewe ni sehemu ya mtaji. Seneca lina kina cha zaidi ya mita 180, na maji mengi kiasi hicho hupoa polepole. Joto lililohifadhiwa tangu kiangazi huchelewesha jalidi kwenye miteremko ya kando, na zabibu kama Riesling, ambayo ndiyo iliyolipa eneo hilo jina, hupata muda wa kuiva hadi Oktoba. Kwa hiyo mgeni huwakuta wavunaji wakiwa kazini.

Asiyekunywa naye ana pa kwenda. Kusini mwa Seneca kuna korongo la Watkins Glen, lenye maporomoko 19 na njia ya miguu inayopita kando yake. Njia hiyo hufungwa majira ya baridi. Karibu na Cayuga kuna maporomoko ya Taughannock, yenye urefu wa mita 66, kuyashinda ya Niagara. Mji wa Naples unajulikana kwa pai za zabibu. Kwenye mashamba ya matufaha mgeni huchuma mwenyewe kisha akalipia, yaani mkulima ameuza matunda na kuokoa ujira wa kibarua kwa mpigo mmoja.

Tatizo ni ufupi wa msimu. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu, na mwisho wa juma hilo vyumba vya kulala huwa adimu. Anayetaka nafasi na muda wa kuzungumza na mtengenezaji afadhali aende katikati ya juma, na akipanga kuonja kwenye viwanda vitatu au vinne akodi gari lenye dereva. Kwa mwenye kiwanda kidogo, hesabu ni ngumu zaidi: mvua ikinyesha Jumamosi mbili za Oktoba, wateja hao hawarudi Januari, barabara zikiwa na theluji.