Babu Yake Lincoln Aliuawa Mwaka Gani?



Mwaka 1860 mtu mmoja aliyekuwa akigombea urais wa Marekani aliombwa aandike habari za maisha yake ili zichapishwe kabla ya uchaguzi. Akaandika. Jambo la kuchekesha ni kwamba alijieleza kwa kusema "yeye", kana kwamba anamsimulia jirani. Alipofika kwa babu yake mzaa baba, ambaye alikuwa somo yake, alisema kuwa babu huyo aliuawa na wenyeji wa asili katika nchi ya Kentucky yapata mwaka 1784. Mgombea huyo ni Abraham Lincoln, naye alishinda uchaguzi huo.

Mwaka 1784 hauwezi kuwa sahihi. Babu alikuwa hai mwaka 1785, na ushahidi upo kwenye karatasi ya mpima ardhi.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu wengi wetu tuishio mijini tunawajua babu zetu kwa masimulizi tu. Mzee akisema "babu yako alihamia hapa mwaka wa nzige", tunaridhika. Wala si vibaya. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi naona hata mababu ni mali. Basi tuitazame familia hii moja, tuone daftari lilisema nini ambacho wazee hawakukisema, na wazee walisema nini ambacho daftari halikuweza kukisema.

Babu huyo, Kapteni Abraham Lincoln, alizaliwa Pennsylvania mwaka 1744. Baba yake, John, aliihamisha familia kwenda Virginia mwaka 1768, katika bonde la mto Shenandoah. Siku hizo Virginia ilikuwa koloni la Waingereza, na mashamba ya magharibi ndiyo yaliyokuwa mpaka: huku walowezi, kule misitu ya watu wengine. Mwaka 1780, vita vya kujikomboa kutoka kwa Waingereza vikiendelea, Abraham aliuza shamba lake la Virginia kwa pauni 5,000. Msishangae, maana pesa za karatasi za wakati ule zilikuwa zimeporomoka vibaya, na pauni hizo si zile za kumtajirisha mtu. Katika hati ya kuuziana ametajwa pia mkewe, Bathsheba. Sheria ilimpa mke haki katika shamba la mumewe, na mnunuzi mwenye akili hakukubali kununua bila mke kuridhia. Hivyo wanawake wengi ambao hawatajwi popote pengine wanaonekana ghafla kwenye hati za kuuza ardhi. Hatuwaoni siku shamba linaponunuliwa. Tunawaona siku linapouzwa.

Kisha Abraham akanunua kibali cha hazina. Serikali ya Virginia, ikiwa na kiu ya fedha, iliuza vibali vya ardhi ya Kentucky kwa pauni 40 kila ekari 100. Kwa ekari 400 alilipa pauni 160. Lakini kibali hakikusema ni ekari zipi. Mwenye kibali alikwenda mwenyewe kutafuta, akaandikisha mahali alipopapenda, akamngoja mpima ardhi, na mwisho kabisa akapewa hati ya kumiliki. Hatua nne, na kila hatua na karatasi yake. Kwa mtafiti hiyo ni neema, kwa sababu hata karatasi moja ikiliwa na mchwa, nyingine huenda imesalia.

Karatasi ya mpima ni ya tarehe 7 Mei 1785. Inaeleza kuwa shamba linaanzia kwenye mti utoao utomvu wa sukari, ulio kando ya kijito kiitwacho Long Run. Kutoka hapo linakwenda mashariki fito 300, kaskazini fito 213 na theluthi moja, magharibi fito 300, kisha kusini mpaka lilipoanzia. Ufito mmoja ni futi 16 na nusu. Ukizidisha utapata ekari 400 kamili, na nadhifu mno kwa kazi iliyofanywa msituni kwa mnyororo wa chuma. Kila pembe imetajwa kwa miti yake. Wachagga nao hupanda masale mpakani, na ole wake atakayeyang'oa. Tofauti ni kwamba sale hupandwa likapandikizwa tena, lakini mti wa msituni ukianguka, mpaka umeanguka nao.

Chini ya karatasi hiyo wameandikwa waliofanya kazi. Wavuta mnyororo wawili wa jina la Lincoln: Ananiah na Josiah. Na mtu wa kutia alama kwenye miti: Abraham Linkhorn. Naam, Linkhorn. Karatasi moja, siku moja, na ukoo mmoja umeandikwa kwa namna mbili. Karani aliandika alivyosikia. Sisi tuliosajiliwa na makarani wasioijua lugha ya mama zetu tunaufahamu mchezo huo. Cheti changu mwenyewe kina herufi moja ambayo marehemu baba hakuitambua mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo anayemtafuta Lincoln peke yake, akaiacha Linkhorn kwa kuwa haifanani, atafunga daftari na kwenda nyumbani mikono mitupu.

Karatasi hiyo inatuonyesha mzee akiwa hai, shoka mkononi, mwezi wa Mei 1785. Wanahistoria wanakubaliana kuwa aliuawa mwaka uliofuata, 1786, akiwa shambani na wanawe watatu. Josiah alikimbilia ngomeni kuomba msaada. Mordecai, mkubwa wao, alikimbilia nyumbani, akaitoa bunduki na kumpiga risasi mmoja wa washambuliaji. Thomas, mdogo, alibaki karibu na maiti ya baba yake. Thomas huyo ndiye baba yake rais. Kisa hicho Lincoln alikisikia tangu utotoni, na mwenyewe alikiri kuwa ndicho kilichokaa akilini mwake kuliko vyote.

Hapo, wasikilizaji, masimulizi yalishika kisa na kupoteza mwaka. Hakuna karani aliyeandika namna mtoto alivyosimama kando ya baba yake aliyekufa. Hilo tunalijua kwa mdomo tu. Na hakuna mdomo uliotunza tarehe 7 Mei.

Tuingie mahakamani. Abraham alikufa bila wosia. Sheria ya Virginia, ambayo ndiyo iliyotawala Kentucky wakati ule, ilimpa mtoto wa kwanza wa kiume ardhi yote ya baba asiyeacha wosia. Bunge la Virginia lilikwisha pitisha sheria ya kuifuta desturi hiyo mwaka 1785, ila sheria mpya ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1787. Mzee aliuawa 1786. Kwa miezi michache tu Mordecai alipata ardhi yote na Thomas hakupata hata pembe. Akakua kibarua wa kutangatanga, hakusoma, na mwanawe akazaliwa katika kibanda cha magogo. Watu wengi wamemwandika Thomas Lincoln kuwa mvivu asiye na maendeleo. Mimi nasema kabla ya kumhukumu mtu, tazama kwanza kalenda ya sheria.

Mwaka wa kifo, basi, si jambo la kubishania tu wazee wakipiga soga. Angalikufa mwaka mmoja baadaye, watoto wote wangaligawana.

Orodha ya mali ya marehemu ilifikishwa mahakamani mwaka 1789: farasi, ng'ombe, bunduki, zana za shamba. Lakini mtafiti akienda kaunti ya Jefferson, lilikokuwa shamba, hataiona. Iko kaunti ya Nelson, kwa kuwa mjane alihama na watoto. Na baadaye, mwaka 1792, sehemu ya Nelson ilikatwa ikawa kaunti ya Washington. Watu wamekaa palepale, kaunti ndiyo iliyowahama. Sisi tulioona wilaya zikizaa wilaya tunajua taabu yake: faili limebaki makao makuu ya zamani, na wewe unapiga foleni kwenye makao makuu mapya.

Kosa la namna hiyo lilikaribia kuharibu heshima ya mwanamke. Mama yake Lincoln aliitwa Nancy Hanks. Lincoln alipokwisha kuuawa mwaka 1865, palizuka maneno kwamba wazazi wake hawakufunga ndoa, na kwamba rais alikuwa mtoto wa nje. Watu walikwenda kutafuta cheti kaunti ya Hardin, ambako Thomas na Nancy waliishi. Hawakukiona. Kukosekana kwa karatasi kukageuzwa ushahidi, na uvumi ukanona. Zaidi ya miaka 10 baadaye, kumbukumbu zikapatikana katika mahakama ya kaunti ya Washington, mjini Springfield: dhamana ya ndoa ya pauni 50, ya tarehe 10 Juni 1806, iliyowekwa na Thomas Lincoln pamoja na Richard Berry, na taarifa ya mchungaji Jesse Head kwamba aliwaoza tarehe 12. Nancy alikuwa kaburini tangu 1818. Mwanawe naye hakuwahi kuiona karatasi hiyo.

Upande wa mababu wa mbali zaidi Lincoln aligonga ukuta. Aliwahi kuandikiana na watu wa jina lake waliokuwa Massachusetts, akaona majina yanafanana, Mordecai kwa Mordecai, Abraham kwa Abraham, lakini hakuweza kwenda zaidi ya hapo. Waliokuja baadaye walivuka ukuta huo kwa ardhi. Mordecai mmoja wa Pennsylvania, katika wosia uliothibitishwa 1736, alimwachia mwanawe John ardhi iliyokuwa New Jersey. Mwaka 1748 John akaiuza ardhi hiyo, na hati ikamtambulisha kuwa mwana wa Mordecai. John huyo ndiye aliyehamia Virginia. Na Mordecai alitoka Massachusetts, akiwa mjukuu wa Samuel Lincoln aliyetoka Uingereza mwaka 1637. Kipande cha shamba ambacho hakuna aliyekikumbuka kikaunganisha vizazi.

Na sensa je? Sensa ya kwanza ya Marekani ilikuwa ya mwaka 1790, miaka minne baada ya kuuawa kwa babu. Madaftari ya Kentucky ya mwaka huo yamepotea, na ya 1800 vilevile, kwa hiyo watafiti hutumia orodha za kodi. Mtoza kodi, tunajua, hasahau mtu. Hata madaftari yaliyosalia, mpaka 1840, yalitaja kwa jina mkuu wa kaya tu. Waliobaki walikuwa hesabu: wanaume weupe wangapi, wanawake wangapi. Abraham Lincoln alizaliwa Februari 1809. Kwa utaratibu wa sensa ya 1810, mtoto kama yeye alikuwa tarakimu katika safu ya wavulana weupe wa chini ya miaka 10. Kuanzia 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina lake.

Nimesema mtu huru. Mwaka 1850 na 1860 watumwa waliandikwa katika daftari la pekee, chini ya jina la bwana wao, kwa umri, jinsia na rangi. Jina, hapana. Wengi wao walipata jina katika sensa kwa mara ya kwanza mwaka 1870, miaka mitano baada ya utumwa kukomeshwa. Mjukuu wa watumwa anayeutafuta ukoo wake leo hulazimika kupitia wosia na orodha za mali za yule aliyewamiliki, amtafute bibi yake katikati ya farasi na majembe.

Na yule aliyemuua babu? Wale tuliozoea kuwaita Wahindi Wekundu, ingawa si Wahindi, walikuwa na madai yao juu ya Kentucky. Mwaka 1768, katika mkataba wa Fort Stanwix, mataifa ya Iroquois yaliwauzia Waingereza ardhi ambayo Washawnee walikuwa wakiiwinda, na Washawnee hawakukubali. Hawakuwa na kibali cha hazina, wala mpima, wala karani. Katika karatasi zote nilizowasimulia leo, mtu aliyepigwa risasi na Mordecai siku ile hana jina, hana kaunti, na hana orodha ya mali.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitajibu barua zenu kuhusu mirathi ya nyumba za mjini. Zimekuwa nyingi.